Adha ya Njiani

Ndugu zetu Waislamu, wazee na vijana, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi sabini na kitu. La juu yake ni shahada, na la chini yake ni kuiondoa adha njiani. Ikiwa kuiondoa ni imani, kuitia tutakuitaje?

Itazameni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hata Iringa. Abiria hupewa chupa ya maji ndani ya basi. Akiisha kunywa, mkono hutoka dirishani, naye hwenda zake akidhani jambo limekwisha. Lakini njia ina wenyewe. Yuko mkulima mwenye shamba kando yake, na yuko mtoto aendaye chuoni miguu mitupu. Chupa ya kioo ikivunjika, kigae chake humngoja mtoto huyo miaka na miaka, kwani hakiozi. Ya plastiki nayo haiozi. Hukatikakatika ikawa vipande vidogo, vikaingia mashambani na mitoni. Na pale Mikumi, barabara hiyo hukata katikati ya hifadhi ya wanyama kwa kiasi cha kilomita 50. Mabaki ya chakula yatupwayo na wasafiri huwavuta nyani hata kwenye lami, wakagongwa na magari.

Tena mvua ikinyesha, kopo au chupa iliyokatika hushika maji. Mbu aenezaye homa ya dengi hutaga katika maji machache kama hayo, na mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua nyingine. Dar es Salaam ilipatwa na maradhi hayo mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Wako wasemao, "Hiyo ni kazi ya Serikali." Serikali ya Tanzania ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 Juni, 2019. Lakini askari hawezi kuwekwa katika kila dirisha la basi.

Basi enyi wazazi, mnaposafiri chukueni kikapu, watoto watie taka humo mpaka mfike kwenye pipa. Nawe kijana, ukimwona mwenzio anataka kutupa, mwambie kwa upole, "Nipe mimi, nitakushikia." Hakuna atakayekuuliza habari ya taka za barabara nzima, chupa iliyo mkononi mwako ndiyo dhima yako.

Wabillahi taufiq.