Macho Hayana Pazia? Upasuaji wa Kope kwa Ajili ya Urembo na Haki ya Kuelezwa

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walikusudia kwamba jicho hutazama litakalo wala hakuna wa kulizuia. Hata hivyo, atakayelichunguza jicho lenyewe ataliona pazia lake, nalo ni kope ya juu. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba zaidi mwilini, na kila inapopepesa hulitandaza chozi na kulikinga jicho dhidi ya vumbi. Pazia hilo ndilo ambalo siku hizi watu hulipa ili likatwe, likunjwe na kushonwa upya kwa ajili ya urembo. Makala haya hayanuii kuwalaani watu hao wala kuwapigia debe madaktari wao. Hoja yake ni moja tu: hakuna anayeweza kuukubali upasuaji huo kwa hiari ya kweli pasi na kuelezwa, kwa lugha anayoielewa barabara, kile anachokikubali.

Ni muhimu kwanza kulifafanua neno lenyewe, kwa sababu utata unaanzia hapo. Katika saluni za mijini, mteja anayetaka kubandikwa kope huwa anazungumzia nywele bandia. Neno hilo hilo hutumika pia kwa ngozi inayofunika jicho. Mtu anayeambiwa kwamba kope zake "zitapunguzwa" anaweza kutoka kwa daktari akiwa na picha tofauti kabisa na ile aliyo nayo daktari. Katika makala haya, kope ni ngozi, na nywele ni nywele za kope.

Upasuaji wa kope za juu kwa ajili ya urembo hufanywa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni umri. Kadiri miaka inavyosonga, ngozi hulegea na kuning'inia, na uso ukaonekana umechoka hata pale mwenyewe alipolala vyema. Ya pili ni kutia mkunjo katika kope ambayo kwa maumbile haina mkunjo. Kwa kawaida mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, wala si lazima apewe nusukaputi. Daktari hukata ngozi kufuata mstari wa mkunjo, huondoa kipande kilichozidi, pengine na mafuta kidogo yaliyo chini yake, kisha hushona. Wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Nyuzi hutolewa baada ya takriban wiki moja. Uvimbe na weusi wa damu iliyovilia hupungua kwa muda wa wiki moja au mbili. Nalo kovu, ambalo hujificha ndani ya mkunjo, huendelea kufifia kwa miezi kadhaa.

Sayansi hii si ya jana. Jina la kitaalamu la upasuaji wa kope linahusishwa na daktari Mjerumani, Karl Ferdinand von Graefe, aliyelitumia mwaka 1818 katika kazi ya kurekebisha kope zilizoharibika. Mwaka 1896, daktari Mjapani aitwaye Mikamo alichapisha maelezo ya namna ya kutia mkunjo kwa kutumia nyuzi. Baada ya vita vya Korea, katika miaka ya 1950, daktari wa jeshi la Marekani, David Ralph Millard, aliufanya upasuaji huo nchini humo. Yeye mwenyewe alisimulia katika jarida la kitaalamu kuhusu mgonjwa wake Mkorea, ambaye kazi yake ilikuwa ukalimani. Mtu huyo aliomba afanyiwe macho ya mviringo kwa kuwa aliona Wamarekani hawakumwamini kutokana na umbo la macho yake. Kisa hicho kinapaswa kumfikirisha kila mwanafunzi wa lugha. Mkalimani huyo alikuwa amekimudu Kiingereza, lakini akahisi kwamba ulimi wake hautoshi na kwamba uso wake nao ulihitaji kutafsiriwa.

Leo Korea Kusini inajulikana ulimwenguni kwa upasuaji huu, na mtaa wa Gangnam jijini Seoul umejaa kliniki za urembo. Baadhi ya wazazi huwalipia watoto wao wanapohitimu shule ya upili, kama zawadi. Wapo wanaodai kwamba huku ni kuwaiga Wazungu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, hasa kwa kuzingatia kisa cha mkalimani, lakini halitoshi. Watu wengi wa Asia Mashariki huzaliwa na mkunjo huo, na Mikamo aliandika zaidi ya nusu karne kabla ya Millard. Lililo bayana ni kwamba shinikizo la jamii, liwe limetoka nje au ndani, linaweza kumfanya mtu akate kwa kisu kile ambacho hakikuwa kinamuuma.

Waswahili wana la kusema hapa. Katika upwa wa Afrika Mashariki, jicho linalosifiwa si lazima liwe jicho kodo. Husifiwa macho malegevu, macho ya kurembua, macho ya mtu aliyekula kungu, yaani yale ambayo kope zake zimeshuka kidogo kana kwamba mwenyewe anasinzia. Wanja hupakwa ili kuutilia nguvu uzuri huo. Kope ambayo katika kliniki moja huandikwa kuwa kasoro, barazani Lamu au Mombasa inaweza kuwa sababu ya sifa. Hii haina maana kwamba kipimo cha Waswahili ndicho sahihi na cha wengine ni batili. Maana yake ni kwamba hakuna kipimo kimoja, na anayeuza upasuaji kama tiba ya "ubaya" anauza maoni, wala si utabibu.

Yapo basi mambo ambayo mtu anastahili kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Kwanza, si kila kope iliyoshuka ina ngozi ya ziada. Huenda msuli unaoinua kope umedhoofika, au nyusi ndiyo iliyoporomoka. Kukata ngozi hakutatibu lolote kati ya hayo. Pili, kope ikining'inia hadi ikaziba sehemu ya juu ya uwanda wa kuona, suala hilo limetoka katika urembo na kuingia katika tiba, na kipimo cha macho kinaweza kulithibitisha. Tatu, mwenye ukavu wa macho, maradhi ya tezi ya shingo au glakoma, pamoja na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, zikiwemo aspirini, sharti amwambie daktari mapema. Hata hivyo, asiache dawa hizo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nne, na hili ndilo kuu, ngozi iliyokatwa hairudi. Daktari stadi hubakisha kiasi cha kutosha, na kanuni inayofuatwa na wengi ni takriban milimita 20 kati ya nyusi na nywele za kope. Akizidisha kukata, jicho halitafumba sawasawa hata usingizini. Litakauka na kuwasha, na kioo chake kinaweza kudhurika. Kope mbili zinaweza pia kutolingana. Kwa nadra sana, damu huvuja nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea, na mgonjwa asipohudumiwa haraka anaweza kupofuka. Maumivu makali, jicho kutokeza au kuona giza baada ya upasuaji ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huo huo. Kuhusu makovu manene, ambayo watu wengi weusi huyahofia kwa haki, ngozi ya kope ni miongoni mwa sehemu ambazo ni nadra kuyaota.

Nchini Kenya, haki ya kuelezwa si hisani. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu, faida, hatari na gharama, tena, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, ikatiwa sahihi na mtu asiyekielewa, inamkinga aliyeiandika kuliko inavyomkinga aliyeitia sahihi.

Yamkini watasema wengine kwamba urembo wa namna hii ni anasa ya wenye nacho, na kwamba Kiswahili kina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Jibu liko katika kope iyo hiyo. Katika kaunti kame kama Turkana, Samburu na Marsabit, trakoma, ambayo baadhi ya watu huiita vikope, imewapofusha watu kwa kuzipinda nywele za kope zikaukwaruza uso wa jicho. Hao nao hufanyiwa upasuaji wa kope, si kwa ajili ya kupendeza bali kwa ajili ya kuona. Maneno anayoyahitaji tajiri wa jijini ili akubali au akatae kwa busara ndiyo anayoyahitaji mfugaji anayeogopa kisu kinachoweza kumwokoa.

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuyaeleza haya. Ganzi, uzi, kovu, msuli, uwanda wa kuona na damu iliyovilia si maneno yaliyobuniwa jana. Kinachokosekana ni fomu zilizoandikwa kwayo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kukaa na wenzao wa idara za udaktari na uuguzi, wakaitafsiri fomu moja ya ridhaa, kisha wakaijaribu kwa msomaji wa kawaida. Maji yakimwagika hayazoleki, na ngozi ya kope ikikatwa hairudi. La kusemwa lisemwe kabla ya kisu, na lisemwe likaeleweka.