Seredani Ndani ya Gari



Wasomaji wapenzi, sisi watu wa Kisiwani tunapolalamikia baridi, aghalabu ni upepo wa kusi wa mwezi wa Julai. Hujitanda shuka, tukazidisha tangawizi kwenye kahawa, yakaisha. Kwa kudhani kuwa baridi zote ni hiyo, niliwafungia wanangu mizigo Agosti iliyopita, tulipokwenda Nyahururu kutazama maporomoko ya Thomson. Shemeji yangu alikuwa ameng'oa viti vya nyuma vya gari lake akatandika magodoro, ili tulale humo humo. Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya namna hiyo.

Nyahururu iko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 mtu apandapo, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Usiku ambao Mji wa Kale una nyuzi 22, huko huenda ukawa na nyuzi 8. Hesabu hiyo nyepesi sikuifanya.

Tuliegesha gari uwanjani mwa hoteli moja, tukafunga madirisha yote. Kufikia saa sita za usiku, pumzi za watu sita zilikuwa zimegeuka maji yanayotiririka viooni, na mablanketi yamekuwa chepechepe. Watoto walitetemeka. Nami, kwa huruma ya mama na ujinga wa mtu wa pwani, nikaichukua seredani tuliyochemshia chai, makaa yakiwa mekundu hayana moshi, nikaiingiza garini na kufunga mlango. Baridi ikatoweka, nikajisifu.

Haikutimia saa moja, binti yangu mdogo akasema kichwa kinamgonga, kisha akatapika. Nilipotaka kuinuka, miguu haikunitii. Mama mkwe wangu, aliyelala karibu na mlango, ndiye aliyeusukuma ukafunguka, akapiga kelele. Mlinzi wa pale akaja mbio, akaitoa seredani, akatushusha mmoja mmoja. "Mama," akaniambia, "makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua." Tulipelekwa hospitali usiku ule ule, na sote tukapona, alhamdulillahi.

Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, mtu akawa anavuta pumzi na mwili haupati kitu. Onyo lake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na aliyekwisha lala halisikii onyo hilo. Nyumba zetu za zamani zina madirisha ya mbao yapitishayo upepo, nasi tumezoea chetezo na seredani ndani. Gari lililofungwa ni sanduku.

Nyusiku zilizofuata tulilala vizuri bila moto. Tuligundua kwamba baridi nyingi hupanda kutoka chini, tukatandika maboksi yaliyokunjuliwa na mkeka chini ya magodoro. Tuliacha madirisha mawili yanayokabiliana wazi kwa upana wa vidole viwili, na vioo vikakauka. Kila mtoto alibadili nguo za mchana akavaa kavu, pamoja na soksi na sweta. Sweta nzuri za mitumba zipo Kongowea kabla ya kuondoka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga iliwekwa miguuni. Maji ya udhu wa alfajiri tuliyachemshia nje jioni, tukayahifadhi kwenye chupa ya chai. Na aliyevaa khofu akiwa na tohara, msafiri ameruhusiwa kupangusa juu yake kwa siku 3 na nyusiku zake.

Mtume wetu s.a.w. alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Nilikuwa nikiwasomesha wanangu hadithi hiyo kila mara, lakini sikukumbuka kwamba gari tulilolala lilikuwa nyumba yetu usiku ule.

Likizo iko mlangoni, na najua wapo wanaofunga mizigo ya bara. Seredani ichukueni, mpikie chai, kisha ibaki nje.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.