MAMBO YA NYUMBANI: Panya katika Banda la Pikipiki



Mwezi huu twataka kusema juu ya chumba ambacho waalimu na wazazi wengi hawakihesabu kuwa sehemu ya nyumba, yaani banda la nje. Huko Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na vijijini kote, wachache hulaza motakaa ndani yake. Walio wengi hulaza pikipiki au baisikeli. Lakini ukifungua mlango waona pia magunia ya maharage, kahawa ya maganda iliyokaushwa, majembe, dumu la petroli, na chupa ya dawa ya kunyunyizia mibuni. Banda la namna hii ni karamu ya panya, tena ni hatari kwa watoto.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuyasaga kwa kutafuna. Naye hupenda joto. Jioni injini ya pikipiki ingali na moto, na gunia la maharage li karibu. Atafute nini tena? Asubuhi mwenye chombo hukuta nyaya zimekatwa, kiti kimetobolewa, au mpira wa petroli unavuja. Petroli idondokayo penye kibatari ni jambo la kuogopesha. Na hata isipowaka, harufu yake huingia katika kahawa, kwa maana kahawa hunyonya harufu upesi kuliko watu wadhanivyo, na kazi ya mwaka mzima hushuka thamani. Basi shauri letu la kwanza ni hili: chakula na kahawa vitoke katika banda la pikipiki. Asiye na chumba cha pili na ajenge ukuta wa kutenga, hata wa matofali mabichi, kila upande uwe na mlango wake.

Baada ya hayo ndipo tuzibe. Panya wa nyumbani hupita katika tundu la upana wa sentimeta 2 tu, na yule mdogo kabisa hupita pale ipitapo kalamu ya risasi. Udongo mtupu haufai kuzibia, kwa sababu ataufukua usiku uleule. Shindilia kwanza nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, kisha uzifunike kwa saruji. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati hata usione mwanga. Nafasi iliyo baina ya ukuta na paa usiizibe kabisa, kwa kuwa banda lahitaji hewa. Tandaza wavu wa chuma wenye matundu madogo.

Twaona neno moja husahauliwa sana katika nchi yetu ya migomba. Kibanja hukaribia nyumba hata majani makavu yalala juu ya bati, nayo ni ngazi ya panya. Yakateni, na migomba iliyoegemea ukuta iondolewe, ibaki njia ya wazi ya meta moja kuzunguka banda.

Magunia nayo yasilazwe chini. Yawekwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, upate kuona nyuma yake. Chaga ikiwa na miguu mirefu ya meta moja, vika kila mguu bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Wengine hutumia mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na kweli ni mizuri: fukusi hukosa hewa wakafa, pasipo dawa yo yote. Lakini panya akiutoboa mfuko mara moja tu, hewa huingia na faida yake yote hupotea.

Sasa juu ya sumu. Wengi huikimbilia kwanza. Sisi twaona ni ya mwisho, na penye chakula isiwepo kabisa. Panya aliyelishwa sumu huenda kufia darini, au huliwa na paka, au na bundi, nao hufa pia. Twajua yasemwayo juu ya bundi, kwamba ni ndege wa mkosi. Kwetu sisi ni askari wa zamu ya usiku asiyedai mshahara, na kumpiga mawe ni kuwasaidia panya. Mitego ya chuma yatosha, ikitegwa kando ya ukuta, maana panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Dawa ya shambani isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja, na chombo chenyewe mkichukue.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Watu wa mkoa wetu walilijua jambo hili zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 tauni iliwapata watu wa Kiziba, iliyo katika wilaya ya Missenyi ya leo, nao walipoona panya wanakufa ndani walizihama nyumba zao. Zupitza, daktari wa jeshi la Wadachi, na Robert Koch walithibitisha katika miaka ya 1897 na 1898 kuwa ni tauni kweli. Kiroboto huacha mzoga uliopoa akatafuta damu ya moto. Na mwaka 2022 huko Ruangwa, mkoa wa Lindi, ilizuka homa ya Mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Kwa hiyo banda lenye mavi ya panya lisifagiwe kavu, vumbi likapanda puani. Fungua mlango lipate hewa, nyunyiza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ngoja kidogo, ndipo ufute kwa tambara, mikono ikiwa imefunikwa.

Ukiisha kuziba yote na bado wasikia mtafuno, nyunyiza majivu laini sakafuni jioni, hasa kando ya kuta. Asubuhi fuata nyayo. Zitakuonyesha tundu ulilolisahau.