Dawa ya injini haitibu petroli ya chupa

Makamanda, tahariri ya wiki hii haihusu Tume ya Uchaguzi. Inahusu kichupa cha dawa ya injini, kile ambacho madereva wa bodaboda kwetu Ijumbi wanamimina kwenye tangi wakiamini kinasafisha injini na kuongeza nguvu ya kupanda mlima. Najua kuna watakaouliza siasa iko wapi hapo. Vumilieni kidogo.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na Boxer ya mkataba. Mkataba mnaujua: unampelekea tajiri hesabu kila wiki, mwaka na ushee, ukimaliza chombo kinakuwa chako. Zilikuwa zimebaki hesabu tano. Pikipiki ikaanza kukohoa, mlimani inazima, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Kijiweni wakamwambia atafute dawa. Akanunua kichupa, akamimina chote. Siku mbili ikatulia, akanipigia simu chuoni anacheka. Wiki iliyofuata akanunua cha pili, halafu cha tatu. Siku moja akiwa na abiria anampeleka hospitali Rubya, injini ikakaza njiani. Abiria akatafutiwa pikipiki nyingine, kaka akarudi anasukuma.

Fundi alipofungua alikuta maji chini ya kikombe cha kabureta, jeti imezibwa na unga wa kutu, na pistoni imechubuka vibaya. Tajiri akachukua chombo chake. Karatasi ya mkataba nimeisoma mwenyewe, ukurasa mmoja tu: matengenezo yote ni juu ya dereva, na hesabu zikilala mbili chombo kinarudi kwa mwenye mali. Sahihi ya kaka ipo pale chini. Nasoma sheria, na bado sikuwa na la kumwambia mama mkubwa.

Sasa sitaki mtu atoke hapa akisema nimeita dawa hizo utapeli. Zipo za kweli. Petroli ikikaa au ikiungua vibaya inaacha utando kama gundi kwenye jeti na masizi kwenye valvu na kichwa cha pistoni. Dawa nzuri ina kemikali za kulainisha ule utando kidogo kidogo ili uungue na kutoka na moshi. Inayosifiwa zaidi na wataalamu inaitwa polietheramini. Injini yenye uchafu wa namna hiyo inaweza kupata nafuu, na nadhani ndiyo sababu ya zile siku mbili za kicheko.

Shida inaanza kwenye kipimo. Vichupa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya gari. Ukisoma maandishi ya nyuma utakuta, mfano, mililita 300 kwa tangi la lita 60. Piga hesabu: ni mililita 5 kwa lita, yaani kijiko cha chai kimoja. Nani kati yetu anajaza tangi? Boda wa Ijumbi anaweka lita moja asubuhi, akipata abiria wawili anaongeza nyingine. Ukimimina kichupa kizima juu ya lita moja, unachochoma si petroli tena. Tena dawa ikilegeza uchafu wa miaka kwa mkupuo, uchafu huo unashuka kwenye jeti, tundu ambalo hata sindano inapita kwa taabu. Jeti ikiziba nusu, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, na pistoni inaanza kuchubuka.

Na kuna mambo dawa haiyawezi kabisa. Haiondoi maji. Hairudishi ringi zilizokwisha. Ukiona moshi wa bluu, hela yako peleka kwa fundi. Haigeuzi mafuta ya taa kuwa petroli. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua ile skrubu ya chini ya kabureta, kinga kinachotoka kwenye chupa ya kioo, acha kitulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini utayaona. Safisha chujio la petroli na la hewa, angalia plagi. Ukishatumia dawa kwa kipimo, badilisha oili mapema, maana sehemu ya uchafu huishia huko. Ukisikia mtu anatumia dawa kila wiki, ujue anatibu kitu kingine.

Kaka alikuwa anatibu petroli. Na hapo ndipo siasa ilipo.

Lile neno tunalolipenda, kuchakachua, mnakumbuka lilivyovuma? Mwaka 2010 lilikuwa neno la vituo vya mafuta, watu wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli, na uchaguzi ulipofika wananchi wakalihamishia kwenye kura. Mwaka huohuo EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, ili mkaguzi akipima kituoni ajue kama yameongezwa kitu au ni yale yaliyopaswa kuvuka mpaka bila kodi. Baadaye kazi ya vinasaba ikahamia TBS. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchakachuaji asipate faida. Bibi zetu wenye koroboi ndio walioulipia ujanja wa wenye matangi, lakini hilo ni la siku nyingine.

Mpango wa vinasaba siubezi, umesaidia. Ninachosema ni kwamba ulinzi huo unaishia kituoni. Mafuta yanasafiri zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam hadi Kagera, na ndiyo maana kila EWURA inapotangaza bei kikomo, Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya zetu huwa miongoni mwa zenye bei za juu. Kutoka kituoni yanaingia kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia, kutoka kwenye dumu yanaingia kwenye chupa ya maji, inapangwa juu ya kimeza barabarani, jua lake, mvua yake. Hapo mkaguzi hafiki, hakuna bei kikomo wala risiti.

Na ushuru je? Huo unafika. Mwaka 2021 bajeti iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini chini ya TARURA, na mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati. Bajeti ya 2021 ilitupoza kwa kushusha faini ya bodaboda kutoka 30,000 hadi 10,000. Asante, lakini kaka hakupoteza pikipiki kwa faini.

Kisheria haki zipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi yake. Sheria ya Petroli ya 2015 inafanya kuchakachua kuwa kosa. Ila nenda kaithibitishe. Petroli ndiyo ushahidi, na imeshaungua. Umlalamikie nani, yule mama wa chupa? Waitu, yule mama anasomesha watoto kwa faida ya shilingi mia mbili tatu kwa chupa. Kuuza bila leseni ni kosa, hilo kweli, na operesheni ikija anakimbizwa yeye. Wakishaondoka, boda bado anahitaji lita moja na kituo kiko mbali.

Msimamo wetu kama vijana wa chama ni huu. Halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake ni ya vijana. EWURA imelegeza masharti ya vituo vidogo vya vijijini. Basi vikundi vya bodaboda vikopeshwe viweke pampu yao, yenye leseni, inayopimwa na kutoa risiti. Yule mama wa chupa apewe nafasi humo, auze kihalali. Wakaguzi nao wafike mpaka huku, badala ya kuishia kwenye vituo vya barabara kuu. Wenye malalamiko leo hii wayapeleke Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, wakiwa na sampuli iliyobaki kwenye chupa iliyofungwa vizuri, tarehe na mahali waliponunua.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila miezi mitatu. Unaofuata utanikuta likizo. Nimeshamwambia kaka, ambaye sasa anaendesha deiwaka pikipiki za wenzake, aniwekee kinachotoka kwenye kikombe cha kabureta. Nitakwenda nacho kwenye chupa ya kioo, nikiweke juu ya meza mbele ya mwenyekiti.