Mrututu tena? Mimi nagoma

Nimepotea kidogo, majaribio yalinibana, na bumu nalo mnajua lilivyo, linakuja kwa mwendo wa kinyonga. Nilitaka kuandika kuhusu foleni ya kantini lakini leo nina hasira, na hasira zenyewe ni za tanki la samaki. Chekeni tu.

Wa Bailojia mnalijua. Lile la kioo, lita 60, mwisho wa maabara, la maji ya bahari. Tulilianzisha mwaka jana ili sisi walimu watarajiwa tujifunze kuwaonyesha watoto viumbe hai, siyo kuchora ubaoni tu. Mwezi wa kwanza kioo kikapata vumbi la kahawia. Baadaye ikaja kijani, manyoya marefu kama nywele, yakafunika mawe yote mpaka mtu akipita anauliza kama tunafuga nyasi. Basi bwana, ikaamuliwa (simtaji aliyeamua, alama zangu bado ziko mkononi kwake) kwamba ukoga ni ugonjwa, na dawa yake ni mrututu.

Nilisema, "Mzee, mrututu una shaba, konokono hawataiweza." Nikajibiwa, "Binti, watu wanautia kwenye mabwawa miaka yote."

Ni kweli wanautia. Ila bwawa la samaki tu siyo tanki lenye konokono na kaa. Siku ya pili konokono wote 9 walikuwa wameanguka kutoka kwenye kioo, na wale kaa wawili wanaoishi ndani ya makombe ya konokono walikuwa wametoka nje kabisa, wamekufa. Samaki walipona, maji yakang'aa, watu wakapongezana. Wiki ya tatu manyoya yakarudi, mengi kuliko ya mwanzo. Sasa nasikia Ijumaa tunatia tena, dozi mara mbili!

Hapo ndipo ninapogoma. Jamani, si sisi hawa tuliojaza kurasa mbili za mzunguko wa naitrojeni kidato cha sita? Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, halafu naitreti. Ongeza fosfeti, ongeza taa, umepata shamba. Ukiuua ukoga ukauacha humo humo, unaoza, na karibu kila ulichokuwa umekula kinarudi majini. Yaani tuliua magugu tukayaacha yawe mbolea. Na tukawaua walaji wake pia, maana waliokuwa wanakwangua kioo usiku kucha ni hao hao konokono. Tena shaba haikuisha. Mchanga na mawe ya matumbawe huishika, kisha huiachia polepole, kwa hiyo hata tukileta konokono wapya kesho tunawaleta machinjioni.

Najua kuna mtu ataniletea ile karatasi ya kipimo: "Naitreti sifuri, maji ni safi, tatizo ni ukoga wenyewe." Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Sifuri kwa sababu ukoga umeshaila! Ni sawa na kuchungulia sufuria tupu baada ya watu kumi kula, ukasema nyumba hii hawapiki.

Kwamba tunapika, ushahidi upo. Taa inawashwa saa moja asubuhi na inazimwa maabara ikifungwa saa nne usiku. Hesabuni wenyewe. Saa 8 zingetosha kabisa. Makundi matatu yana zamu ya kulisha na hakuna anayeuliza kama aliyetangulia ameshalisha. Bomba likikatika tunajazia maji ya kisima, na visima vya mjini vilivyobanana na mashimo ya vyoo huwa na naitreti. Na mimi sijitoi: zamu yangu nilikuwa namimina uduvi wa kugandishwa pamoja na maji yake, nikiona ni ukarimu. Maji yale yana fosfeti. Kuosha uduvi kwenye chujio ni kazi ya dakika moja, sikuifanya muhula mzima.

(Lile vumbi la kahawia la mwanzo lilikuwa daiatomu. Mara nyingi hupungua lenyewe silika ikiisha majini. Tulilipigia kelele bure.)

Nendeni mwambani maji yakitoka. Ukoga upo, ila pono na tasi hawaupi nafasi ya kuota manyoya. Nendeni Paje au Jambiani muwaone akina mama na kamba zao za mwani: hawautilii mbolea, unajitafutia chakula majini. Hicho ndicho ninachokitaka kwenye tanki letu. Tung'oe manyoya kwa mkono na kuyatupa nje, tubadilishe maji kidogo kidogo mpaka shaba ipungue, halafu tupande mwani kwenye kona moja, tuukate kila unapokua. Kila konzi inayotoka ni naitreti inayotoka.

Ni njia ya polepole, sikatai. Wiki sita, pengine nane, na katikati tanki litachukiza, na wageni wa idara watauliza maswali. Lakini mwezi wa saba tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtoto wa kidato cha pili akiniuliza kwa nini kidimbwi cha shule kimekuwa kijani, nimjibu nini? Kwamba nilipata A ya mzunguko wa naitrojeni, na nilipoukuta ndani ya kioo nikaumwagia sumu?

Ijumaa saa nane mchana nitakuwa pale na ndoo mbili, kabla ya huyo mwenye dozi hajafika. Mnaokuja njooni na miswaki ya zamani ya kusugulia mawe. Na atakayetangulia kutoka jioni, tafadhali, azime taa.