Kaunti Moja Si Nabii wa Taifa

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema, hata hivyo, kwamba kila wingu huleta mvua.

Huko Marekani, kaunti ya Vigo katika jimbo la Indiana ilipata sifa ya utabiri. Tangu mwaka wa 1956 hadi 2016, katika chaguzi 16 mfululizo za urais, mgombea aliyeongoza Vigo ndiye aliyeshinda nchini. Wakazi wake waliwachagua Kennedy, Reagan, Obama na Trump, kila mmoja kwa zamu yake. Lakini mwaka wa 2020 walimchagua Trump tena, na taifa likamchagua Biden. Aidha, kati ya kaunti 19 zilizokuwa hazijakosea tangu 1980, ni moja tu, Clallam ya jimbo la Washington, iliyosalimika mwaka huo.

Je, utabiri huo ulitoka wapi? Namwomba mwalimu wa hisabati atusaidie. Wanafunzi 3,000 wakirusha sarafu mara kumi kila mmoja, yamkini watatu hivi watapata kichwa mara zote kumi. Tutawaita manabii? Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Si ajabu chache zikaafikiana na taifa kwa miaka mingi. Sikatai kwamba Vigo ina wafanyakazi, wakulima na wasomi wa chuo kikuu, mchanganyiko unaofanana na wa nchi. Lakini mfano huo si mkataba. Nchi hubadilika, na kaunti hubadilika kwa njia yake.

Nalisema hili kwa sababu nasi, kila uchaguzi unapowadia, husikia kuwa eneo fulani limekwisha kuamua. Kauli hiyo ina madhara. Mpiga kura huketi nyumbani akidhani mambo yamekwisha, naye mgombea huwasahau walio mbali na macho ya wanahabari. Katiba yetu ya 2010 ina busara zaidi: humtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti.

Walimu, wafundisheni vijana kuuliza sababu kabla ya kusadiki mazoea. Nanyi wanafunzi, mkifikia umri wa kupiga kura, msikubali kaunti yoyote iwapigie kura yenu.