Soda ina friji, insulini haina

Wadau, nimerudi juzi kutoka nyumbani Tarime na kuna jambo limenikaa rohoni. Acha nilitoe.

Shangazi yangu ana kisukari, kile cha kuchoma sindano. Kwake hakuna umeme, kwa hiyo chupa ya insulini inakaa kwenye friji ya duka la soda pale senta, kwa hisani ya mwenye duka. Asubuhi anashuka mlima kwenda kujichoma, anarudi. Jioni hivyo hivyo. Mwenye duka akifunga na kwenda msibani Mugumu siku mbili, na shangazi hana dawa siku mbili. Mwaka jana alitupa chupa nzima, aliyoinunua kwa pesa ya ndizi, kwa sababu ililala nje usiku mmoja. Alikuwa ameambiwa kwenye zahanati kwamba insulini ikitoka kwenye friji imekufa.

Jamani, haikuwa imekufa.

Si maneno yangu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, wakakuta linacheza kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini maabara kwenye joto la kupanda na kushuka namna hiyo kwa wiki nne. Nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1. Kabla ya hapo wagonjwa wa kambini walikuwa wakienda hospitali kuchomwa kila siku, wengine zaidi ya mara moja. Yaani shangazi yangu kabisa, ila kwenye mchanga.

Sasa Tarime milimani, kahawa inakostawi, nyuzi 37 utaziona wapi? Wilaya ya Serengeti, kushuka kule kwenye mbuga, kuna joto zaidi, nakubali, na chini ya bati saa nane mchana hapafai. Hapo ndipo mtungi unapofanya kazi. Maji yanapenya kwenye udongo, upepo unayakausha, yanaondoka na joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alitumbukiza chungu ndani ya chungu, katikati akajaza mchanga uliolowa, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Yeye alikuwa anahifadhi mboga. (Bibi zetu waliopoza maji miaka yote hiyo hawakupewa hata cheti.)

Nisieleweke vibaya. Chupa ambayo haijafunguliwa, ya akiba, mahali pake ni friji, nyuzi 2 mpaka 8. Na insulini haitakiwi kuganda wala kupigwa jua. Nazungumzia ile moja inayotumika mwezi huu.

Kinachoniudhi ni kwamba tukisikia ubunifu katika tiba tunasubiri mashine, na mgeni rasmi wa kukata utepe. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika, mkutanoni Lomé, walipitisha mkakati wa PEN-Plus, wa kusogeza tiba ya kisukari cha watoto, selimundu na magonjwa ya moyo mpaka hospitali za wilaya. Safi sana. Lakini kutoka hospitali ya wilaya mpaka kwa shangazi bado kuna mlima, na kilichokosekana huko juu ni sentensi mbili tu kutoka kwa nesi siku ya kliniki. Sentensi mbili na karatasi moja ya kubandika ukutani! Hiyo nayo tunahitaji mfadhili?

Nilimnunulia mtungi mnadani, nikamweleza yote haya. Akanisikiliza vizuri, akaniwekea chai. Kesho yake alfajiri nikamwona anashuka kwenda dukani. Nikamuuliza, shangazi, vipi tena? Akasema wewe mwanangu ni wa magazeti, daktari akiniambia hivyo nitaacha.

Mtungi ameutia maji ya kunywa.